Sabuni Yangu Hawaijui

Jumatatu, 3 Machi

Wifi amekuja asubuhi kuniambia kuna Mfuko unaotoa ruzuku kwa wanawake wafanyabiashara. Ruzuku, si mkopo. Hairudishwi! Kaja mwenyewe, kwa miguu yake, kamwacha mteja na rola kichwani kule saluni kwake ng'ambo ya barabara. Machale yakanicheza hapo hapo. Mtu akijua panapotolewa hela za bure anawahi yeye, haji kugonga mlango wa mke wa kaka yake. Nikamwuliza kama na yeye anaomba. Akasema ndiyo, anataka vikaushio vya nywele. Nikamwuliza kwa nini basi ananiambia mimi. Akasema kwa sababu mimi ni wifi yake. Hilo si jibu.

Lakini hela naitaka. Sabuni yangu ya maji naikoroga kwa mti, ndani ya pipa, kwenye chumba cha uani. Kutwa nzima napata lita ishirini. Mkono wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto, blauzi zote zinanibana upande mmoja. Na sasa matroni wa shule ya bweni anataka lita mia mbili kila wiki, kuanzia tarehe mosi mwezi ujao. Nisipoweza, atatafuta mwingine. Nikipata mashine ya kukorogea, nitaacha kuuza chupa moja moja mlangoni kama mtu anayeomba radhi.

Jumanne, 4 Machi

Nilianza kujaza fomu kwenye duka la fotokopi. Mwenye duka akawa anachungulia karatasi yangu. Nikamkata jicho, akasema anatazama saa. Saa iko ukuta mwingine! Nikarudi kujazia chumbani.

Fomu yenyewe ya kichokozi. Eleza bidhaa yako. Nimeandika: ni ya majimaji, inatumika majumbani. Inatengenezwaje? Kwa bidii. Ina tofauti gani na nyingine sokoni? Ndani yake kuna Kitu. (Sitakitaja hata hapa. Shajara nazo husomwa.) Washindani wako ni nani? Nimeandika jina la Wifi. Najua anasuka nywele. Ni suala la muda tu.

Mwishoni wanataka namba ya simu ya mtu anayeijua biashara yako vizuri. Nimeacha wazi. Anayeijua vizuri ndiye mwizi mwenyewe. Fomu nimeibana kwa pini pande zote nne, Baba Watoto akaipeleka.

Ijumaa, 7 Machi

Namba nisiyoijua imenipigia mara tatu. Mtu mwenye nia njema hupiga mara moja, asipopokewa anaelewa. Nimeizuia.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi ameuliza kama watu wa Mfuko wamenipigia, maana yeye wamempigia na wanapita wiki hii kukagua. Nikamjibu kwa ukavu kwamba wangu watakuja wenyewe wakinihitaji. Kisha akataka chupa mbili za sabuni, eti wateja wake wanaipenda harufu. Wateja gani hao wanaonusanusa? Nimemuuzia moja. Chupa moja haitoshi kuchunguzia.

Jumatano, 12 Machi

Saa nne asubuhi. Nachungulia dirishani. Wifi amesimama mlangoni pa saluni na mwanamke wa miwani aliyeshika faili. Wifi ananyoosha kidole. Kwenye mlango wangu! Mwanamke anaandika. Njama yote mbele ya macho yangu, mchana kweupe.

Nilikuwa na dakika moja. Pipa lilikuwa limejaa, kazi ya jana kutwa. Roho iliniuma, lakini nilimwaga sabuni yote kwenye tundu la bafuni nikafungulia bomba. Pipa nikalipindua, nikalifunika shuka, nikaweka ua la plastiki juu yake.

Mwanamke akaingia, mpole kupita kiasi. Akasema anatoka kwenye Mfuko, na wamenitafuta kwa simu bila mafanikio. Kitambulisho alikuwa nacho, chenye picha. Kitu gani hakichapwi siku hizi kwenye duka la fotokopi? Akauliza sabuni natengenezea wapi. Nikajitia hamnazo. Sabuni gani? Akalitazama ua. Akayatazama mapovu yaliyokuwa yakitambaa kutoka chini ya mlango wa bafu. Akanitazama mimi.

"Mama, nataka nikuelewe vizuri. Kwa hiyo hapa hakuna biashara yoyote?"

"Hakuna. Mimi ni mama wa nyumbani tu."

Akaniomba nithibitishe kwa sahihi. Nikatia kwa raha zangu, na tarehe nikaandika.

Saa tano mapovu yalikuwa yameshafika kwenye mtaro wa barabarani, yanapanda mpaka magotini. Jirani akapaza sauti kutoka uani kwake, kwamba leo nimemwaga ile ya mchaichai. Amejuaje kuhusu mchaichai?

Baba Watoto aliporudi kula mchana akauliza ofisa wa Mfuko amesemaje. Ofisa gani, nikamwuliza. Kumbe alipopeleka fomu walimwambia fomu yenye nafasi wazi haipokelewi, akajaza namba ya dada yake. Nilipoizuia simu yao wakampigia Wifi, na Wifi akawaelekeza nyumba. Nimekaa kitini.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda ofisini kwao. Yule wa miwani amenipokea vizuri, na hicho ndicho kinachouma. Akanionyesha karatasi yenye sahihi yangu. Kikao kilikaa jana, akasema, niombe tena mwakani. Nikakiri kwamba nilidhani ametumwa kuniibia. Akauliza ningeibiwa nini, ikiwa hakuna biashara.

Nimelia kwenye ngazi, waziwazi, mpaka mfagiaji akafagia kunizunguka. Lita mia mbili kila wiki! Kwenye ubao wa matangazo jina la Wifi lipo, la tatu kutoka juu. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza.

Jumapili, 16 Machi

Wifi amekuja. Hakukaa hata kitini. Akasema ruzuku itanunua vikaushio, kwa hiyo ile akiba aliyokuwa ameiweka kwa vikaushio sasa haina kazi.

"Oda ya shule usiiache iondoke, wifi. Chukua ukanunue mashine. Utanirudishia ukishasimama."

Nilimtazama usoni nikitafuta. Nikatafuta tena. Sikuona kitu. Nikaangua kilio, nikamkumbatia, nikamwambia nimemdhania vibaya miaka yote hii. Nilimaanisha kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa namna ile bila kumwomba. Bahasha ya hela nimeishika kwa mikono miwili.

Akasema Jumanne tutaongozana dukani, tumweleze muuzaji tunachokikoroga ili atupe mashine inayofaa.

Tumweleze?

Jumanne, 18 Machi

Nimetangulia peke yangu. Saluni haijafunguliwa, mimi nishapita.

Muuzaji akauliza nataka kuchanganya nini. Aliuliza haraka mno. Na ukutani nyuma yake kulikuwa na kalenda ya kiwanda cha sabuni! Nikajikausha. Nikasema unga. Akauliza kama ni unga wa mikate. Nikasema hasa, wa mikate. Kiasi gani? Kilo mia mbili, nikajibu, nisije nikaonekana mdogo. Akafurahi, akasema anayo ile ile ninayoitaka, ila ikishatoka dukani hairudi. Nikamwambia hata mimi mashine ya kurudi siitaki. Nimemchenga kama mtoto.

Jumatano, 19 Machi

Mashine imefika, imefungwa kwa bolti sakafuni. Kubwa, ya chuma, ina mkono mmoja mnene uliopinda. Nimetia maji na dawa zangu zote, nikawasha. Imezunguka mara moja, ikanimwagia yote usoni, ikagoma. Baba Watoto ameitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kazini bila kuaga. Matroni amepiga simu kuulizia. Nikamwomba anivumilie. Amesema havumilii, kuna mama mwingine ameshamletea sampuli.

Mchana Wifi amekuja mbio kuiona. Ameizunguka mara mbili. Ameushika ule mkono, ameutikisa, ameinama akachungulia ndani. Halafu, taratibu sana, ameniuliza hii hasa ni ya kutengenezea nini.

Hajui! Ameikagua kwa macho yake mawili na hajui. Nimefunga mlango kwa komeo, nimekaa kando ya mashine yangu, moyo mweupe. Sasa mtaa mzima hakuna anayejua natengeneza nini.