Lango Linalodai Sita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Iandikwe na ihifadhiwe: leo saa nne na dakika kumi asubuhi, katika chumba cha kulia, mimi, mstaafu wa stoo ya vipuri, nimekata boksi la jokofu na kupata mraba. Pande tatu zimenyooka. Wa nne una mawazo yake.

Huu ndio ubao wa mchezo wangu wa kuhitimu. Somo: utungaji wa michezo. Umri wa mwanafunzi: hamsini na nne. Darasani ni mimi peke yangu mwenye miwani ya kusomea, na peke yangu ninayesinzia.

Mchezo unaitwa Nyumba. Kete ni watoto. Wanaanzia chumbani, wanazunguka nyumba, na anayefika langoni akapata sita anatoka. Kashinda. Njiani kuna vikwazo vidogo vya kawaida. Umesahau sweta, rudi chumbani. Hujamuaga bibi, rudi jikoni. Mawingu yanatisha, kaa zamu tatu. Kanuni arobaini na moja tu!

Mama watoto kapita, kasoma chache, kauliza kama kuna mtu ninayemtungia. Nikamwambia ni mchezo wa watu wote. Akasema ahaa. Sikuipenda ile ahaa.

(Binti yetu anahama Jumamosi. Kapata kazi ya kupima ardhi, mji wa mbali, safari ya siku nzima. Aliponiambia nilisema "haya," nikaenda kukaza bomba lisilovuja. Hayo hayahusiani na mchezo.)

Jumanne, tarehe 4

Darasani. Chumba kiko juu ya duka la fundi cherehani; akikanyaga mashine yake, meza zetu zinatetemeka. Mwalimu ni rika la binti yangu, na ana sheria moja: watu wakijaribu mchezo wako, wewe mtungaji ufunge mdomo dakika ishirini. Usieleze. Usitetee. Usikohoe kwa maana. Anasema hatutauzwa ndani ya boksi ili tukamweleze kila mnunuzi.

Nilisema mara tatu kabla dadu haijatulia.

Mwenzangu Kinyozi ana mchezo wa kanuni tatu. Watu walicheka mpaka fundi cherehani akagonga dari yake kwa ufagio. Kisha jamaa akanigeukia: eti Mzee Kanuni, lile ni lango au picha ya lango? Maana dakika ishirini zimepita na hakuna aliyetoka. Nikamwambia maisha ni magumu. Akasema hata maisha yana mlango wa uani. Kicheko! Mwalimu kajificha nyuma ya daftari, mabega yanacheza.

Kazi ya nyumbani: tafuta mtu asiyeujua mchezo, acheze, wewe kimya. Ripoti Jumatatu.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata mtu. Binti! Hajauona. Akicheza ataelewa mwenyewe. Utamu wa mchezo, namaanisha.

Mama watoto kanivuta kando ya kabati. Anasema binti anasubiri neno langu. Moja tu, la baraka, kabla hajapanda basi. Tangu ile "haya" yangu anakula nusu sahani. Mzee, anasema, mtoto hasubiri mchezo, anasubiri baba. Nikamjibu angoje kwanza gundi ikauke.

Alhamisi, tarehe 6

Kasoro ya kiufundi. Nimecheza peke yangu mara kumi, na mara mbili kete imetoka langoni. Mara mbili! Hivi hivi, bila sweta.

Nimechukua wino mweupe wa kufutia na kuzika nukta moja ya sita. Sasa dadu ina tano mbili, moja ina pengo kama mtoto aliyeng'oka jino. Nani atahesabu nukta? Na huku si kudanganya. Ni kurekebisha ugumu. Tumefundishwa.

Ijumaa, tarehe 7

Amecheza. Dakika ishirini kamili sikutoa sauti. Ushindi wa kitaaluma! Sina zaidi.

Jumamosi, tarehe 8

Ameondoka saa moja asubuhi. Mabegi mawili. Leo siandiki.

Jumatatu, tarehe 10

Nimetoa ripoti. Nimewaambia binti alicheza, akanogewa, akatokwa na machozi, na mimi kimya kama ukuta. Mwalimu kapiga makofi. Kinyozi kasimama kunipa mkono, kanibandika jina jipya: Mzee Kimya. Nimepita.

Lakini daftari hili halitoi alama. Ilikuwa hivi.

Kochi lilijaa nguo za safari, kwa hiyo tuliketi sakafuni. Binti akarusha dadu. Akarudishwa kuchukua sweta mara nne. Akamuaga bibi mpaka bibi mwenyewe angechoka. Hakulalamika. Akafika langoni, akarusha, akarusha, akarusha. Mwisho akaiokota dadu, akaipeleka dirishani, akaikwaruza kwa ukucha. Nukta ya sita ikachungulia.

Hakucheka. Alirudi, akaiweka dadu ubaoni kwa mkono, sita juu, akanitazama. Akauliza polepole: Baba, natoka au sitoki?

Dakika ishirini zilikuwa zimekwisha. Mama yake alikuwa mlangoni ameshika pasi, ananionyesha kwa macho: sema. Neno lilipanda mpaka kooni, likarudi lilikotoka kama kete zangu. Nilichosema ni kwamba kanuni ya thelathini na tatu hairuhusu kupanga dadu kwa mkono.

Hicho ndicho nilichomwambia mwanangu.

Akaisogeza kete yake nje ya ubao, juu ya saruji, taratibu, mpaka kwenye goti langu. Akasema ametoka. Akanigusa bega, akaenda kufunga mabegi. Aliyetokwa na machozi si yeye.

Stendi nilimweleza habari za kufuli, za kiti cha upande usio na jua, za madereva wanaosinzia. Nilieleza mpaka utingo akaniomba nishuke. Neno lenyewe sikulitoa. Alipopiga simu jioni kusema amefika salama, simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikampa mama yake.

Kumbe mama yake naye ana lake. Leo wakati wa chai kaniarifu kwamba mwezi ujao atakwenda kukaa na binti wiki tatu, amsaidie kupanga nyumba. Akanitazama, akangoja.

Nikamwambia vizuri sana. Sasa hivi natunga mchezo mpya, wa kete moja. Nimefikia kanuni ya kumi na mbili.