Bawabu wa Benchi na Gongo Lililopinda

Jumatatu, 3 Februari

Nimedhalilishwa. Nahodha wetu Orest, ambaye pia ni mdogo wake mke wangu, amesoma kikosi cha Jumamosi mbele ya timu nzima ya hoki ya barafuni ya maveterani wa Zelena. Jina langu likaja mwisho. Si winga. Si akiba. Mlango! Nitasimama benchi niwafungulie wenzangu kile kimlango wanapoingia na kutoka barafuni. Bawabu. Mimi, Emil Stasiuk, niliyecheza winga ya kushoto tangu uwanja wetu haujaezekwa!

Orest akanisemesha kama mtu anayemliwaza mgonjwa. "Usiudhike, shemeji. Mlango nao unataka mtu makini."

Nikamweleza kwamba miguu yangu haina tatizo. Tatizo ni vyombo. Viatu vimechoka, na bapa la gongo langu limenyooka kama rula. Yule Garth wa Halvard, ambao ndio tunacheza nao Jumamosi, bapa lake limepinda vizuri, kile kisahani cheusi tunachokipiga kikifika pale hakitaki kuondoka. Mpeni Garth gongo langu tuone kama atafunga.

Orest akasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Chumba kizima kikacheka. Hata kipa alicheka, na yeye hucheka mara chache kwa sababu ya goti.

Lakini nilimbana. Akaahidi mbele ya wote kwamba nikifunga bao hata moja kwenye mazoezi ya Alhamisi, nitarudi winga. Amejiponza mwenyewe.

Jumanne, 4 Februari

Nimenunua viatu. Kila mtu hapa Saskatchewan anajua kwamba kiatu cha barafu huvaliwa kidogo kuliko kile cha kwendea kanisani, ili mguu usicheze ndani. Nikachukua kidogo kuliko hicho kidogo. Mwenye duka akaniuliza kama namnunulia mjukuu. Nikatoa pesa.

Kiatu kipya lazima kiokwe. Joto hukilainisha, unakivaa kingali moto, kinashika umbo la mguu wako. Dukani wana tanuri lao maalumu, la moto mdogo. Nikakataa. Moto mdogo ni wa watu wenye haraka ndogo. Nikavipeleka nyumbani, nikavitia kwenye oveni ya Verna, mke wangu, kwa joto lile lile analookea mkate. Mkate mbona hutoka na umbo lake?

Cha kulia kimetoka salama. Cha kushoto kimelegea, kikainamia upande kama mtu anayesikiliza umbea.

Verna aliporudi alinikuta nimekaa kiti cha jikoni, miguu nimeinyoosha, viatu vinafuka moshi. Akafungua dirisha, na baridi ya leo si ya kufungulia dirisha. Hakusema kitu mpaka tulipokula mkate wa jioni. Hapo ndipo alisema, na alisema mengi, na mengine yalimhusu marehemu mama yangu.

Vidole vinauma. Maumivu ni dalili kwamba kiatu kimeshika.

Jumatano, 5 Februari

Asubuhi nilichomoa gari kwenye umeme, maana hapa huchomekwa usiku injini isigande, nikaenda kwa Lavonne, mnoaji wetu pale nyuma ya kantini ya uwanja. Mwanamke mwenye mdomo. Chini ya kisu cha kiatu, kile chuma cha kutelezea, kuna mfereji mwembamba unaoacha makali mawili, moja kila upande. Mfereji ukiwa na kina, makali yanauma barafu. Ukiwa wa juu juu, unateleza kwa raha lakini hukamati vizuri. Nikamwambia anichimbie mfereji wa kina kuliko wote aliowahi kuchimba.

Akaniuliza nina uzito gani. Nikamwambia hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Akasema mtu mzito hazidishiwi kina, maana kisu kitazama barafuni na yeye atabaki kashikwa pale. "Baba, huendi kulima," akasema. "Unakwenda kuteleza."

Nikamkumbusha kwamba mteja ni mfalme. Akajibu ni kweli, na wafalme wengi wameanguka. Kisha akanoa kama nilivyotaka, huku akiimba.

Mchana nikashughulikia gongo. Nilingoja sufuria ya Verna ya kuchemshia vyakula vya unga ichemke, nikalishika bapa juu ya mvuke mpaka likalainika, kisha nikalibana chini ya mlango wa stoo na kulipinda. Utepe mweusi uliozungushiwa bapa umeungua kidogo. Si neno. Mkunjo umetoka wa kutisha. Verna akauliza kama hiyo ni zana ya michezo au upawa.

Alhamisi, 6 Februari

Viatu vinauma barafu, hilo halina ubishi. Vimeiuma mpaka vikagoma kuiachia. Niliingia kwa kasi, nikajigeuza ubavu ili nisimame kama nilivyosimama maisha yangu yote, na visu vikasimama kabla yangu. Sehemu yangu iliyobaki ikaendelea na safari. Nikampitia Orest, nikampitia kipa, nikaishia ukutani.

Nikainuka. Sikulalamika. Nikapata kisahani mbele ya goli tupu, maana kipa alikuwa bado anatafuta kofia yake. Nikapiga. Kisahani kikapanda bapa lote, kikaruka juu ya goli, juu ya kioo cha kukinga watazamaji, kikavunja saa ya uwanja. Nguvu ile! Hakuna aliyeisifu.

Orest akasema bao halimo, kwa hiyo mlango ni wangu. Akaongeza kwamba nipunguze ule mkunjo, maana ni haramu na utatuponza. Nikamuuliza mbona wa Garth si haramu. Akasema haujapimwa.

Haujapimwa! Nimerudi nyumbani nachechemea lakini nina furaha.

Sheria iko hivi. Nahodha anaruhusiwa kumwomba refa alipime gongo la mpinzani. Katika ligi yetu refa hubeba ile sarafu ya senti moja ya zamani. Bapa linalazwa barafuni, sarafu inasimamishwa kwenye uwazi wa mkunjo. Ikipita chini ya bapa, gongo ni haramu na mwenyewe anakwenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili, timu yake ikibaki pungufu. Isipopita, adhabu inahamia kwa timu iliyoshtaki. Kwa sababu hiyo hakuna anayethubutu. Watu wa hapa ni waoga.

Ijumaa, 7 Februari

Siku tukufu. Halvard wamefika leo wafanye mazoezi, kisha wakapanda ukumbini kula na sisi. Magongo yao wakayaegemeza kwenye korido. Mimi nikaaga naenda msalani.

Nikayapitia moja baada ya jingine. La Garth nililijua bila kuuliza, maana lilikuwa limepinda kuliko yote, limefungwa utepe mweupe mpya, wa mtu anayejipenda. Nikalilaza sakafuni. Nikasimamisha senti yangu. Ikapita bila kugusa! Ningeweza kupitisha panya. Nikalirudisha mahali pake. Mtu hodari kumbe ni mwizi tu.

Nikamvuta Orest pembeni. Hakuniamini. Nikamwapia kwa kaburi la mama. Akafikiri sana, akasema kesho mchezo ukibana atamwomba refa apime, na Garth akitolewa, mimi ndiye nitakayeingia winga kumalizia. "Lakini shemeji," akasema, "ukiwa umekosea, usinitazame usoni mpaka Pasaka."

Nimelala nimevaa viatu ili vizidi kunyooka. Verna kahamia chumba cha wageni.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika nikiwa nimeweka barafu gotini. Barafu imenitesa wiki nzima, sasa na inihudumie.

Gongo langu sikulikuta kwenye gari asubuhi. Nikaenda hivyo hivyo. Bawabu hahitaji gongo, walisema. Nikafungua mlango na kuufunga. Nakiri niliufanya vizuri. Uwanja ulijaa, Verna alikaa nyuma ya benchi letu na thermosi ya kahawa.

Kipindi cha mwisho, tatu kwa tatu. Orest akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akamwendea refa. Garth akalitoa gongo lake bila hata kubishana. Jambo hilo lingenishtua, lakini nilikuwa nafunga kamba za viatu.

Refa akapiga goti. Akatoa senti. Wakati huo huo Verna akaniinamia kutoka nyuma. "Chukua gongo lako," akasema. "Nilikuletea jana uliposahau, nikaliegemeza koridoni. Ule utepe ulioungua nimekutolea, nimekufungia mweupe."

Nikaligeukia. Nikalitambua: ndilo nililolipima jana. Nikamgeukia refa. Senti ya refa ilikuwa imegonga bapa la Garth ikakataa katakata kupita.

Dakika mbili kwa Zelena. Adhabu ya timu nzima hukaliwa na mchezaji yeyote, na Orest akaninyooshea kidole bila kunitazama. Nikavuka uwanja mzima kwa miguu yangu, na viatu viliuma barafu njia nzima. Watu wa Halvard walinipigia makofi. Nikawapungia.

Kibandani nilikaa kama jiwe. Wenzangu walijilinda vizuri, Halvard hawakufunga. Dakika zikaisha, nikafunguliwa mlango, nikatoka, na hapo hapo kisahani kikaruka kutoka kwenye msongamano kikaja mpaka kwenye gongo langu. Kikalala ndani ya ule mkunjo. Mbele yangu hakuna mtu. Kipa wao tu!

Nikaenda. Sikupiga, maana sikutaka saa nyingine. Nikakisukuma mbele, na nilipotaka kusimama visu vikafanya yale yao. Tukaingia golini sote watatu, kisahani, kipa na mimi, kwa mpangilio huo. Refa akanyoosha mkono. Bao! Nne kwa tatu. Nilisikia Verna akipiga kelele jina langu, na tangu harusi hajalitamka hivyo.

Garth akateleza taratibu mpaka kwa refa. Akaomba lipimwe gongo langu.

Sarafu ilipita. Refa akaipitisha tena, nadhani kwa kujifurahisha. Kisha akajaribu na gumba lake. Bao lilikubaliwa, maana sheria yetu haifuti lililokwisha kuingia, lakini nikarudi kibandani nilikotoka. Halvard wakafunga mawili nikiwa nimekaa, maana kwetu dakika mbili hukaliwa zote hata timu ikifungwa. Tano kwa nne. Filimbi.

Kwenye chumba cha kubadilishia hakuna aliyeniuliza kuhusu bao langu. Nikawasimulia hata hivyo.

Jumapili, 9 Februari

Orest kaja baada ya kanisa. Hakukaa. Kofia mkononi, kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Akasema timu imekutana na imenitoa. Si winga tu, mlango pia. Mlango amepewa Verna.

Nilimgeukia mke wangu. Akasema aliombwa, naye akakubali, kwa sababu kuna mtu nyumbani lazima ashiriki michezo. Kisha akamkaribisha nduguye kahawa.

Iliniuma. Naandika wazi, iliniuma kuliko vidole. Nilikaa stoo na viatu vyangu mapajani nikijiuliza nimekosa nini, nikatafuta kwa haki kabisa, nikaona sijakosa kitu. Aliyefunga bao la nne ni nani? Aliyeogopa kupinda gongo miaka yote ni nani? Wivu tu. Na Lavonne naye hakuchimba kina cha kutosha. Nitamwambia Jumanne.

Halafu nikawaza. Winga hukimbia. Winga husimama. Huko ndiko wanakoniwekea mitego. Lakini kipa hasimami kwa kuwa hajakimbia, na viatu vya kuganda mahali pamoja vinamfaa yeye kuliko mtu yeyote. Gongo lake ni pana kama koleo, na tangu ligi hii ianzishwe hakuna refa aliyewahi kulipima. Mkunjo mkubwa pale, kisahani kingerudi kilikotoka, golini kwa wenyewe.

Nimempigia simu kipa wetu kumjulia hali ya goti. Amesema linaendelea vizuri.

Tutaona.