Jembe la Alhamisi

Jumatatu, 4 Machi
Kazi ya Madamu Serwaa imetoka. Udongo kutoka sehemu tatu za shamba la kakao, pamoja na ripoti. Mwisho Jumatatu ijayo. Nikifeli, narudia mwaka. Na Mama ameshalitangazia kanisa zima hapa Kumasi kwamba mwanawe anamaliza! Madamu kasema maandalizi ni nusu ya kazi. Basi nimechora ratiba kwa kalamu za rangi tano. Dwomoh, ninayelala naye chumba kimoja, hana ratiba. Kasoma swali mara mbili, kampigia simu mwenye shamba, basi. Masikini.

Jumanne, 5 Machi
Nimepanga meza. Nimepangua. Nimepanga tena. Shamba nimeshapata, la bibi mmoja, Eno Birago, nje ya mji. Sikumpigia. Ya nini? Udongo haukimbii. Nitakwenda Alhamisi, wenzangu wakiwa darasani, nichague ulio bora. Ujanja huo! Dwomoh kaniuliza, Alhamisi kweli, kaka, una uhakika? Kijicho. Nimemwambia ashike lake.

Jumatano, 6 Machi
Makopo tisa, yote yana lebo. Hitimisho la ripoti nimeshaandika: udongo ni mzuri sana. Mchana nimelala saa tatu nzima kuuandaa ubongo. Sijawahi kuwa tayari hivi!

Alhamisi, 7 Machi
Mungu wangu! Nimeingia kijijini na jembe begani. Eno Birago kapiga ukelele, kuku wakatawanyika. Alhamisi! Siku ya Asase Yaa, Mama Ardhi! Ardhi inapumzika, jembe haliigusi! Mimi, Mwashanti wa baba na mama, jambo nililolijua tangu sijaota meno!

Jembe limekamatwa. Mimi pia. Wazee wakakaa. Wakasema faini ni kondoo. Nikasema kondoo sina, nina makopo. Mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. Wamenisamehe, maana sikuwahi kuchimba. Adhabu yangu: kukaa na kusikiliza. Wamenisimulia shamba lile tangu enzi za babu zao, nami nikaandika yote, ili nisiwatazame usoni kwa aibu. Jioni Eno kanipa fufu na supu ya mawese. Kasema kuuliza si ujinga, mjukuu wangu, ungepiga simu tu. Nimelia kidogo kwenye supu. Nalala kwake.

Ijumaa, 8 Machi
Nimechimba! Eno mwenyewe kanionyesha wapi. Nikamuuliza mbona ananihangaikia. Kasema hajawahi kuona mtu mwenye makopo mengi na akili chache kiasi hiki. Nampenda yule bibi.

Ijumaa, 15 Machi
Nimefaulu! Sabini na nne! Madamu kanisifu mbele ya darasa: hakuna aliyeleta historia ya shamba ndefu kama yangu, na swali liliitaka, mstari wa mwisho. Kumbe kulikuwa na mstari wa mwisho. Mama amepiga vigelegele kwenye simu. Dwomoh kapata sabini na mbili. Nimempa pole kwa sauti, watu wasikie.

Jumamosi, 16 Machi
Kazi mpya: samaki wa baharini, aina sita, kutoka kwa wavuvi wa pwani. Dwomoh kaniuliza kama nimewauliza wavuvi wa kule siku yao ya mapumziko ni ipi. Nimemjibu kwamba bahari si ardhi, na wa sabini na mbili hamfundishi wa sabini na nne. Nimeshachagua siku. Nasikia Jumanne kule pwani huwa kimya kabisa, hakuna mtumbwi hata mmoja majini. Nitawawahi wote!