Ombi la Kuupanga Upya Ukoo wa Wakwe kwa Mfano wa Korodani

Majengo, Dodoma
10 Juni

Kwa Mzee Ebenezer,
Mshenga wa ndoa yetu,
Mlali, Kongwa.

Shikamoo Mzee wangu.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA UAMUZI WA KIKAO CHA WAKWE

Mimi ni yuleyule Optatus uliyenipeleka kuposa miaka mitatu iliyopita nikiwa na mashine moja ya kukamua alizeti. Sasa ninazo mbili. Simwandikii baba mkwe moja kwa moja kwa sababu mambo haya mkwe hamtamkii mkwe. Nakuandikia wewe ukawasomee. Ukifika kwenye neno korodani, sema “kiwanda”. Mama mkwe apewe choroko achambue, asilazimike kumtazama mtu usoni.

Kama unavyojua, kikao kimeamua kwamba mke wangu Edina, aliyekuja huko wiki tatu zilizopita kusaidia mavuno, asirudi Dodoma mpaka nilete karatasi ya daktari kwamba nimepona. Nimepewa siku 90, kuanzia siku niliyoacha zile sindano. Mzee, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kuhusu sindano. Shemeji Ludovick, ambaye elimu yake yote ya tiba ameipatia kwenye chumba cha kunyanyulia vyuma, ndiye aliyezileta. Kabla yake nilipimwa nikaonekana nina mbegu milioni 18 kwa mililita moja. Dokta Bupe alisema zinatosha, tuvute subira. Ludovick akaisoma ile karatasi, akasema milioni 18 ni aibu kwa mtu mwenye mashine mbili. Nikachomwa homoni ya kiume kila wiki kwa miezi mitano. Kifua kilitanuka hadi vifungo vya shati vikakataa kazi. Nikapimwa tena: laki tatu.

Dokta Bupe alinichorea kwenye karatasi. Ndani ya korodani kuna mirija myembamba sana, na humo mbegu hazijitengenezi zenyewe. Zinalelewa. Kuna seli zinaitwa Sertoli, zimesimama ukutani mwa mrija, kila moja ina mbegu changa thelathini hadi hamsini mikononi. Inazilisha, inazisogeza, inakula hadi makombo yanayobaki. Tena zinashikana ubavu kwa ubavu zikawa ukuta, ili askari wa mwili wasiingie, maana wakiziona mbegu watadhani ni wageni wasio na kibali. Nje ya mrija kuna seli nyingine, Leydig, kazi yao ni kupika homoni na kuwapelekea wale walezi. Na kuuzunguka mrija kuna seli za misuli, nyembamba kabisa, zinaubana taratibu ili mzigo usonge mbele.

Wote hao wanasubiri barua mbili kutoka makao makuu, yaani kichwani. Moja ya Leydig, moja ya Sertoli. Kichwa kilipoona damu imejaa homoni za Ludovick, kikasema kumbe mali ipo, kikaacha kuandika. Leydig wakalala. Walezi wakakosa homoni ya kufanyia kazi, kwa kuwa ile inayotakiwa ndani ni nyingi mara kadhaa kuliko ya kwenye damu, na sindano haiwezi kuifikisha humo. Mimi mtu wa kiwanda nilielewa kabla hajaweka kalamu chini. Mwaka juzi nilijaza mapipa kwa mafuta ya kununua. Wafanyakazi walipokuta mapipa yamejaa, wakazima mashine wakacheza bao siku nne.

2. Kuhusu beseni. Mama mkwe, kwa upendo ninaoutambua, alituma majani na maelekezo niketi kwenye maji ya moto nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Nilitii siku 40. Hizo ni saa 40, Mzee. Dokta Bupe aliweka mkono kichwani. Kiwanda kile kimewekwa nje ya mwili makusudi, kwa sababu kinataka ubaridi wa nyuzi mbili au zaidi chini ya mwili wenyewe. Kwa hiyo wakati Ludovick amewalaza wafanyakazi, mama mkwe alikuwa anawachemsha.

3. Kuhusu siku 90. Mbegu moja inalelewa takriban siku 74, kisha inasafiri kama siku 12 ikijifunza kuogelea. Jumla 86. Kikao kimenibakizia siku nne za kuwaamsha watu waliolala miezi mitano. Dokta anasema huweza kuchukua miezi sita, hata mwaka.

4. Kuhusu kikao chenyewe. Nimeambiwa mlikuwa kumi na wanne kwa tatizo la watu wawili, yaani washauri saba kwa kila mgonjwa. Mama mdogo Ruthu aliuliza kama mimi ni mzima kweli, mbele ya watu, huku anakula karanga zangu nilizotuma. Kwenye korodani hakuna mambo hayo. Mlezi hapiki homoni, mpishi haingii ndani ya mrija, na wa kubana anabana tu, hahutubii.

5. Kumkalisha Edina Mlali na mimi Majengo, halafu kudai matokeo, ni jambo ambalo hata kwenye alizeti halijawahi kufanikiwa.

Kutokana na hayo naomba ukoo upangwe upya, kama ifuatavyo. Mama mkwe na mama wadogo wote wawe Sertoli: wamlishe Edina, washikane mikono, neno la jirani lisipite. Idadi yao isiongezeke, kwa kuwa Sertoli wakishakomaa hawaongezeki, na kwa wakwe naona hilo ni jambo la heri. Baba mkwe awe Leydig. Akae nje ya nyumba, atume nguvu ndani, asiingie. Ludovick na ndugu zake wawe misuli, wasukume mambo taratibu bila kufungua mdomo. Wewe Mzee uwe kichwa. Utaandika barua mbili tu, na ukiona mambo yanatosha utapunguza. Mimi nitakuwa mbegu: nitalishwa, nitafichwa, na kwa siku 74 hakuna atakayeniuliza swali.

Mpango ukifaulu kwa akina Edina, niko tayari kuupeleka ofisi ya kata. Nimekwisha kuchora jedwali. Mwenyekiti wa mtaa analingana kabisa na Leydig.

Wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo, mwambie mama mkwe majani yalikuwa na harufu nzuri. Nisalimie pia Ruthu, kwa sauti ya kawaida.

Ni mimi mkwe wao, mwenye malalamiko na heshima kwa kipimo sawa,

Optatus

Nyongeza: Nilikuwa nimeifunga bahasha, nimeifungua. Edina ameshuka kwenye bajaji sasa hivi na nusu gunia la karanga. Anasema hakuna mtu aliyemzuia. Kikao alikiomba yeye, na hizo siku 90 alizitaja yeye. Wazazi walimsihi arudi tangu wiki ya kwanza, akakataa, akamkalisha Ruthu mlangoni awaambie watu ni uamuzi wa ukoo. Sababu anayoitoa ni kwamba tangu niache sindano nilikuwa namwamsha kila alfajiri kumtangazia tumefika siku ya ngapi, na alitaka kulala. Amerudi kwa sharti kwamba nisimhesabie tena. Nimekubali. Kwa hiyo Mzee, usisome chochote, na uwaombe radhi kwa ajili yangu bila kusema ni kwa lipi. Leo ni siku ya 41. Sijamwambia.