Kurasa Tisa za Mhoja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wamefika! Magari mawili, kamera tatu, punda wanne wa kukodi. Wanatengeneza tamthilia ya *Jino Lisemalo* hapa hapa Tabora, kwenye njia ileile ya wapagazi. Kitabu cha Mwalimu Veneranda! Nimekisoma mara kumi na moja. Hakuna anayekijua kama mimi, pengine hata Mwalimu mwenyewe.

Kwa atakayeokota shajara hii nikishakufa: ni habari za Mhoja, mpagazi aliyebeba jino la tembo lenye kusema. Linamwambia ukweli njia nzima hadi pwani. Baada ya miaka sita anarudi, anakuta nyumba tupu. Anaisimulia ile nyumba yote aliyoyaona. Kurasa tisa. Hakuna kurasa nzuri kuliko hizo katika Kiswahili.

Saa nne nikaenda kujitambulisha kwa mwongozaji. Binti kutoka Puge, Agnetha, mpole, kofia ya ukindu. Nikamwambia nimetumwa na Mwalimu kulinda kitabu kisipotoshwe. Mwalimu hajanituma. Ila angenituma, kama wazo lingemjia.

Nimepewa kiti!

Jumanne, 5 Agosti

Msiba. Wameleta skripti dukani kwangu niwatolee kopi. Nimeisoma yote ikitoka kwenye mashine, karatasi moja moja, bado ya moto.

Chatu wa mvua ameondolewa. Nikavumilia. Mizimu saba imekuwa mitatu. Nikameza mate. Kisha mwisho. Mhoja anafika, mkewe Nyamizi anatoka ndani na kibuyu cha maji, anamwambia, "Umechelewa. Umekula?" Basi. Imekwisha! Kurasa tisa zimegeuka maneno mawili!

Na Mhoja ni nani? Gerson! Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajamaliza kusoma hata maelezo ya kwenye boksi la dawa ya mbu. Eti ana shingo ya mpagazi.

Nilimlalamikia mke wangu, Elieth. Alisema "umekula" ni neno zuri. Nilimwambia hajui fasihi. Alisema sawa, ugali unapoa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetenda. Sijutii.

Nilichapa zile kurasa tisa kutoka kitabuni, herufi za ukubwa uleule. Nikachomoa ukurasa wa mwisho kwenye kopi za waigizaji, nikaweka zangu, nikabana pini. Kopi ya Agnetha sikuigusa. Kazi safi kabisa. Huwezi kuona mshono.

Jioni nilizigawa kwa mkono wangu. Gerson alipima uzito wa ya kwake, akaniuliza kama mwisho umeongezeka. Nilimwambia umerudi nyumbani. Hakuelewa. Nilitembea hadi kwetu kifua mbele.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya. Niiandike kwa utaratibu.

Kwihara, nje kidogo ya mji, saa saba, jua la utosi. Gerson akatokea na jino lake la boksi na plasta begani, akasimama mbele ya nyumba ya udongo waliyoijenga, akaanza hotuba. Na alikuwa ameikariri! Kurasa nne nzima, bila kujikwaa! Agnetha alidhani ni mbwembwe zake, akamwacha. Mimi midomo ilikuwa ikienda pamoja naye. Ilikuwa kama kanisani.

Ukurasa wa tatu, punda mmoja akalala na mizigo yake. Ukurasa wa nne, mshika maiki akakaa chini. Mwanzo wa ukurasa wa tano Gerson akanyamaza, akafuta jasho, akauliza kwa heshima kabisa: huyu bwana hana jirani? Kwa nini asiende kumwuliza jirani mkewe yuko wapi, badala ya kuuhutubia ukuta?

Watu wakacheka. Agnetha akaomba zile karatasi. Akazisoma. Akanitazama.

Hapo ndipo likajulikana lililo kubwa zaidi. Mwigizaji wa Nyamizi, aliyetoka Dar es Salaam, aliposoma kopi yake alikuta hayumo tena kwenye mwisho. Hakuuliza mtu. Alfajiri alimwachia mlinzi wa gesti ujumbe huo, akapanda basi akarudi kwao. Simu yake haipatikani. Kibali cha kupiga picha Kwihara kinaisha Jumamosi. Miezi minane ya kazi, na tamthilia haina mwisho.

Agnetha alikaa juu ya sanduku la taa. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliniuliza tu, taratibu, kwamba mzee, tulikukosea nini? (Mzee! Nina miaka arobaini na sita.)

Wakati huohuo Elieth akatokea njiani na kikapu, vumbi hadi magotini. Akawapita wote, punda na kamera, akaja kusimama mbele yangu.

"Baba Kornel, saa nane hii. Umekula?"

Agnetha akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Duka limefungwa. Mke wangu ni Nyamizi.

Anafanya mazoezi uani kwetu na Gerson, Agnetha akiwaelekeza. Amemwuliza Gerson kama amekula mara ishirini. Mara ishirini amejibu hapana, na mara ishirini amechota karanga zangu.

Nilipendekeza kwamba kama kibuyu lazima kiwepo, basi Mhoja akipokee kwa mkono mmoja, kama ilivyo sura ya pili. Elieth alisema hakuna mtu aliyetembea kutoka pwani akapokea maji kwa mkono mmoja. Agnetha akaandika hilo kwenye daftari lake. Langu hakuandika.

Jumamosi, 9 Agosti

Walimleta Mwalimu Veneranda kwa bajaji. Miaka sabini na minane, macho yanafifia, fimbo yake ileile aliyokuwa akituonyeshea ubaoni. Nikamwamkia shikamoo nikijificha nyuma ya kamera. Bure. Agnetha akamshukuru kwa kututumia mwakilishi.

Nilisikia punda anatafuna.

Mwalimu akasema, "Huyu nilimfundisha darasa la tano. Hata wakati ule alikuwa akisahihisha kitabu cha kusomea kwa kalamu ya wino." Kisha akaniamuru nikae karibu yake nimweleze yale asiyoyaona vizuri. Adhabu yote ndiyo hiyo.

Kwa hiyo nilieleza. Gerson anakuja kutoka mbali, nikamwambia. Anayumba kidogo. Mshipa wa shingo unatetemeka. Anainama kutua jino, anashindwa, anainama tena. Ni lazima niandike ukweli: sijawahi kuona mtu akitua mzigo hivyo. Nilihisi bega langu likipumua. Gerson! Fundi baiskeli!

Elieth akatoka ndani. Hakukimbia wala hakulia. Alimtazama mtu aliyepotea miaka sita, juu hadi chini, kama unavyotazama sufuria iliyorudishwa na jirani, kuona kama bado ni yako.

"Umechelewa," akasema. Akamnyooshea kibuyu. "Umekula?"

Gerson hakujibu kama alivyofundishwa. Alikaa chini vumbini, akashika kibuyu kwa mikono miwili.

Niligeuka nimweleze Mwalimu. Hakuhitaji. Alikuwa akilia.

Alisema ndivyo bibi yake alivyomwambia babu yake, aliporudi kutoka pwani. Maneno hayohayo. Alikuwa amemsimulia Agnetha siku moja, kama kitu cha kupita tu. Alipoandika kitabu aliona aibu, akadhani kitabu kinataka hotuba.

Nikamwambia mimi naipenda ile hotuba. Alisema anajua. Alitusomea sura ile mwaka ambao baba yangu alikwenda Usinge kurina asali asirudi.

"Ulikuwa unasikia baba yako anaongea, Wenceslaus. Ndiyo maana sikuifuta. Lakini mwanangu, mtu akirudi kweli, haongei hivyo."

Kulikuwa na vumbi jingi sana Kwihara leo. Macho yangu bado yanawasha. Nilimwomba Agnetha msamaha, nikampa mkono Gerson. Nikala alichopika Elieth, chote. Nimeelewa mambo makubwa. Mimi ni mtu mwingine.

Jumatano, 13 Agosti

Heshima kuu! Mwalimu amenikabidhi kitabu cha pili, madaftari matano, mwandiko wake mwenyewe. Anataka nikichape. Alinishika mkono, akasema nisiongeze hata nukta. Niliapa.

Nimeanza asubuhi. Lugha ya ajabu! Hakuna kama mama huyu. Ila daftari la kwanza, ukurasa wa kumi na mbili: Mhoja analima karanga. Mtu aliyezungumza na jino la tembo analima karanga, anavuna, anapanga magunia, hasemi lolote!

Ni macho tu, masikini. Ameruka mahali.

Nimemwekea Mhoja maneno machache pale shambani, anayaambia magunia. Kurasa saba. Mwalimu alisema nukta. Hakusema kurasa.