Kimbia, Rusha, na Filimbi Yangu

Jumatatu, 12 Septemba 2011
Kikao cha timu ya kanisa. Timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai. Tumefungwa mechi zote. Wameamua: nikishindwa na Unionville Jumamosi, ukocha unakwenda kwa Sista Phyllis. Muuguzi! Ati kila mara nampa Kiprop mpira akimbie nao, na Toronto nzima inajua Mkenya hukimbia. Ati tuchanganye, mara tukimbie, mara turushe, wapinzani wasijue kinachokuja. Nikasema wazo hilo nilikuwa nalo zamani. Sikuwa nalo.

Jumatano, 14 Septemba
Nimechanganya. Kimbia, rusha, kimbia, rusha. Phyllis akasema hiyo si kuchanganya, hiyo ni ratiba, hata mtoto angeng'amua. Wivu tu. Hata hivyo nimepata dawa: nitaamua papo hapo na kuwapigia kelele kutoka pembeni, kwa Kiswahili. Unionville ni Wahindi watupu. Hawataambulia kitu. Kichwa ninacho!

Ijumaa, 16 Septemba
Kiprop kauliza kwa nini tusitumie ishara za mikono. Nimemzungusha uwanja mpaka akasahau swali.

Jioni nikaenda Unionville kupeleleza. Kocha wao ni Mzee Alimohamed, mtu wa chupa ya chai. Nikamjaribu. Nikamsalimia kwa Kiingereza, akajibu kwa Kiingereza. Imethibitika.

Jumamosi, 17 Septemba
Nikapaza sauti Kiprop akimbie. Wote wakamvamia. Nikasema warushe. Wote wakarudi nyuma, na Naeem wao akaudaka mpira. Nikajua ni bahati mbaya. Nikaongeza sauti: wajifanye wanakimbia, halafu warushe kushoto. Unionville wakafika kushoto kabla yetu. Kumbe Mzee Alimohamed alikuwa akiwatafsiria kwa Kiingereza, taratibu, neno kwa neno! Melissa wetu, aliyekulia hapa Toronto, akawa anamsikiliza yeye ili ajue mimi nimesema nini.

Thelathini na nne kwa sita. Hizo sita tulizipata nilipokwenda chooni.

Baadaye Mzee akanimiminia chai. Mzaliwa wa Tanga! Akanilalamikia kwamba siku hizi hana wa kuongea naye Kiswahili, na jana alipomwona Mkenya alifurahi, mbona nikamletea Kiingereza? Nikanywa chai. Ilikuwa tamu, na hilo pia liliniuma.

Jumapili, 18 Septemba
Filimbi imekwenda. Nimeivua shingoni mbele ya timu nzima. Phyllis akasema asante kocha, kwa upole kabisa, ndipo nikaumia kweli. Mimi sasa ni wa kugawa maji.

Lakini Mungu yupo! Jumamosi ijayo Phyllis ana zamu hospitalini, kwa hiyo filimbi ni yangu siku moja. Nikishinda, watanirudishia moja kwa moja. Mbinu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa Tanga. Nitaita kila kitu kwa Kiswahili, tena kwa sauti zaidi. Tunacheza na Wakongo wa Brampton. Wale ni Kifaransa tu.