Tairi Langu la Bar Ishirini na Nne

Leo nimevuliwa nguo hadharani, na chaki nikiwa nayo mkononi.

Mnajua nafundisha tuisheni ya kemia hapa Tunduma. Nilianza kipindi kwa kumponda mwalimu wao wa shuleni. "Kanuni za gesi ni kitu cha kitoto," nikawaambia. "Mnafeli kwa sababu mnafundishwa na mtu anayechungulia daftari." (Langu nililiacha nyumbani. Mtaalamu hachungulii.)

Nikaandika swali: tairi la lori lina presha ya bar nane alfajiri, nyuzi joto kumi na tano. Likifika nyuzi arobaini na tano, presha itakuwa ngapi?

Neema, binti mmoja mkimya wa kidato cha tatu, akaleta jibu: 8.8. Nikacheka kwa pua. Nikampiga kosa la wino mwekundu.

"Kumi na tano hadi arobaini na tano ni mara ngapi?"

"Tatu, mwalimu. Lakini..."

"Hakuna lakini. Joto mara tatu, presha mara tatu. Ishirini na nne."

Darasa zima likanakili. Kumbe mlangoni kasimama baba yake Neema, fundi matairi wa kwenye foleni ya malori, ovaroli imejaa grisi. Kaja kumwona anayemfundisha mwanawe. Mimi nikamwona kama mtu aliyepotea njia.

"Samahani, mwalimu," akasema taratibu. "Kemia siijui. Ila hayo matairi nayajaza asubuhi kwenye baridi, na mchana yakiwa yamechemka napima tena. Huwa inaongezeka kidogo tu. Ikifika ishirini na nne, tairi limeshapasuka, tunamtafuta dereva."

"Mzee, hii ni sayansi." (Ndiyo. Nilisema hivyo.)

Akamgeukia binti yake. "Wewe umepata ngapi?"

"Nane nukta nane, baba."

"Hiyo ndiyo ninayoiona kwenye geji."

Neema akasimama, akasema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni chooni: "Mwalimu, hukubadilisha kwenda kelvini. Tunajumlisha 273 kwanza, ndipo tunakokotoa. Shuleni tulifundishwa."

Nikafuta ubao kwa kiganja, dasta ikiwa mbele yangu. Wanafunzi tisa wakafuta madaftari yao, polepole, wakiniangalia. Baba Neema akaniaga kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Tafadhali msinicheke. Kesho nina kipindi cha fizikia, na sijui baba yake nani ni fundi umeme.